Na ya Kutolea

Saa saba na nusu mchana, Kariakoo, migahawa imefurika. Mteja amemaliza wali na samaki wake, amenawa, anafika kaunta kuulizia lipa namba. Mhudumu anamwonyesha kwa kidevu: kibao cha plastiki kimebandikwa ukutani, kimepauka kwa moshi, na tarakimu mbili zilizofutika zimeandikwa upya kwa kalamu ya wino mzito. Mteja anabonyeza, meseji inaingia kwenye simu yake, anamgeuzia mhudumu kioo. Mhudumu anaisoma, anaitikia kwa kichwa, lakini hamruhusu kuondoka. "Nivumilie kidogo kaka, nimuulize bosi." Simu inayopokea malipo haiko mgahawani. Anayo mwenye mgahawa, naye yuko njiani, pengine kwenye foleni ya Mbagala. "Shikamoo bosi. Imeingia elfu nane? Jina nani, kaka?" Mteja analitaja jina lake, yote matatu, mbele ya watu wanaosubiri kiti. Kimya kidogo, bosi anapekua meseji zake. "Ndiyo hiyo hiyo. Asante bosi. Haya kaka, karibu tena."

Hakuna aliyekosewa hapo. Bei ni ile ile, pesa imefika, chakula kimeliwa. Hata hivyo, katika dakika ile moja watu watatu wamebeba vitu ambavyo havikuandikwa kwenye menyu. Mteja amebeba kusubiri, na aibu kidogo ya kujieleza mbele ya watu. Mhudumu amebeba shaka isiyo yake. Ameuona ushahidi kwa macho, ila hana mamlaka ya kuuamini. Bosi amebeba usumbufu wa kupigiwa simu kwa kila sahani, usumbufu aliouchagua mwenyewe, maana amemkabidhi kijana yule jiko, vyombo na wateja, akamnyima meseji tu.

Kulipa kwa simu kumezoeleka mno kiasi kwamba hatukuoni tena. Tunakuona kunapokwama. Na kunapokwama, swali huwa lile lile, iwe dukani, mgahawani au kwenye kituo cha mafuta: gharama hii, muda huu, wasiwasi huu, nani aubebe? Kampuni za simu zimelijibu kwa sehemu, kwa viwango vya makato. Sehemu iliyobaki tunaijibu sisi, kila siku, mara nyingi bila kufikiri, na mara nyingi mzigo huishia kwa aliye mnyonge zaidi pale kaunta.

Tukumbuke mambo yalivyoanza. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Kabla ya hapo, mwaka 2005, lilifanyika jaribio dogo lililowalenga wakopaji wa mikopo midogo, ili wawe wanarejesha mikopo kwa simu. Washiriki walipokabidhiwa chombo hicho wakakitumia kwa shida zao nyingine, wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wenye mradi wakaona soko liliko. Huduma ikaingia sokoni ikiwa ni ya kutuma nyumbani: kijana yuko mjini, mama yuko kijijini, na katikati hapana tena bahasha ya kumpa dereva wa basi. Kulipia bidhaa dukani kulikuja baadaye. Lipa na M-Pesa, kwa mfano, ilianza Kenya mwaka 2013.

Mfuatano huo una maana yake. Malipo ya dukani yalizaliwa ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ndugu, yakarithi adabu za ndugu. Mojawapo, na kwangu iliyo nzuri kuliko zote, ni ile ya kutuma na ya kutolea.

Hakuna sheria inayoidai. Hakuna kampuni iliyoifundisha. Watu wenyewe waliona kwamba anayemtumia mama yake elfu ishirini kavu hajamtumia elfu ishirini, kwa sababu mama akifika kwa wakala atakatwa, na atakayorudi nayo nyumbani ni pungufu ya ile aliyoahidiwa. Mama hatasema kitu. Atashukuru, ataomba dua, na pengo lile litaingia kwenye sukari au kwenye mafuta ya taa. Kwa hiyo mtoto mwenye adabu huongeza kidogo juu, bila kutangaza, ili kilichokusudiwa kifike kizima. Ndani ya kitendo hicho kidogo kuna fikra kubwa kuhusu kutoa: kwamba zawadi hupimwa inapopokelewa, siyo inapotumwa.

Sasa tuipeleke adabu hiyo gengeni. Mama anauza nyanya kwa mafungu. Mteja amechagua mafungu kadhaa, vitunguu, hoho na nazi mbili. Jumla elfu tano. Anasema hana hela mkononi, atatuma. Mama hana lipa namba, ana namba yake ya kawaida. Anamjibu: "Sawa mwanangu, ila weka na ya kutolea." Uso wa mteja unabadilika. "Kwani mama, mimi ndiye nimekwambia uitoe?"

Wote wawili wana hoja. Mteja anaona bei ni elfu tano, na yeye ameshakatwa ya kutuma. Mama anaijua kesho yake: alfajiri atakuwa soko la jumla, na tenga la nyanya hulipiwa kwa noti, haraka, kabla wengine hawajalichukua. Ile elfu tano ikibaki kwenye simu haimsaidii, na akiitoa, makato yanagusa faida ya fungu zima. Mteja angekuja na noti, angekuwa amezitoa yeye kwa wakala na kukatwa yeye. Kwa kulipa kwa simu gharama ile haikufutika. Imevuka meza, ikahamia upande wa pili.

Naelewa jibu linalotolewa hapa: muuzaji naye anafaidika. Hahangaiki na chenji, hatembei usiku na mkoba wenye pesa, hapokei noti bandia. Ni kweli, na kwa duka kubwa hoja hiyo inatosha. Ndiyo maana mifumo ya kulipia kwa namba ya biashara imezoea kumkata mwenye biashara. Kule Kenya, mteja anayelipia bidhaa kwa namba ya till hakatwi kitu, na mwenye duka hukatwa asilimia ndogo. Supamaketi huweza kuimeza asilimia hiyo. Mama wa genge anauza vitu ambavyo faida yake huhesabiwa kwa sarafu, na kwake hakuna makato madogo. Usawa wa kanuni si lazima uwe usawa wa mzigo.

Na tusijidanganye kwamba makato ni jambo dogo lisilostahili maneno. Taifa zima liliwahi kuyasema. Tarehe 15 Julai 2021 serikali ya Tanzania ilianza kutoza tozo ya miamala, kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Sababu zilizotolewa zilikuwa za maana: barabara, madarasa, vituo vya afya. Lakini kelele zilisikika kila kona, vijiweni, bungeni na redioni, hadi Septemba ya mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kenya nako kulitokea jambo la upande mwingine. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, ada ya kutumiana kiasi kisichozidi shilingi 1,000 za huko iliondolewa, ili watu wapunguze kushika noti. Matukio hayo mawili yanafundisha jambo moja: makato hayashuki kama mvua. Ni uamuzi. Kuna mtu hukaa mezani akaamua nani abebe, na watu wakisema, uamuzi hubadilika. Ajabu ni kwamba sisi tuliopiga kelele juu ya tozo ndio sisi tunaomkunjia uso mama wa nyanya anapotaja ya kutolea.

Makato ni mzigo wa kwanza. Mzigo wa pili ni shaka.

Meseji za uongo zipo. Mtu huandika ujumbe unaofanana na ule wa kweli, akamwonyesha muuzaji kioo kwa haraka, akaondoka na bidhaa. Wauzaji wamejifunza kwa hasara, ndiyo maana siku hizi meseji ya mteja haitoshi, sharti ya muuzaji iingie. Hapo ndipo mteja mwaminifu huchukia: "Unaniona mwizi?"

Swali hilo ni zito, maana linagusa heshima. Lakini nadhani linakosea mahali pa kuanzia. Wasomaji Waislamu wanaijua ile aya ya deni katika sura ya Al-Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Kurani. Inaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo, kisha inalegeza kwa biashara ya papo kwa papo, ya kupeana mkono kwa mkono, kwamba hiyo isipoandikwa si kosa. Jambo la kuzingatia ni kwamba amri ya kuandika haikutolewa kwa wezi. Imetolewa kwa waumini, watu wanaotarajiwa kuwa wakweli, kwa sababu kumbukumbu husahau na roho hubadilika. Wahenga nao walilifupisha kwa lugha ya sokoni: mali bila daftari hupotea bila habari. Kuandika hakumtukani mtu. Kunamlinda yeye, kunamlinda na mwenzake.

Sasa jiulize: anayelipa kwa simu ni wa mkono kwa mkono, au ni wa deni? Kwa sekunde zile chache kati ya kubonyeza namba ya siri na meseji kuingia upande wa pili, ni mdaiwa. Dukani hali ni nafuu, maana sukari bado iko juu ya kaunta na muuzaji anaweza kuishika mpaka simu yake ilie. Mgahawani mambo ni kinyume: chakula kiko tumboni, na wali haurudishwi sufuriani. Kwenye kituo cha mafuta, petroli iko ndani ya tangi. Mwenye mgahawa ndiye aliyetangulia kumwamini mgeni wake, akampakulia kabla ya kumdai. Mteja akitakiwa asubiri kidogo, anarudishiwa zamu yake tu katika kuaminiana. Tena tulikuwa tumeshazoea: muuzaji akiiinua noti ya elfu kumi kwenye mwanga kuitazama, nani huuliza kama anaonekana mwizi?

Ila zamu ina pande mbili. Kuna namna ya kumsubirisha mtu kwa heshima, na kuna namna ya kumfanya ajione mtuhumiwa. Kumwambia "kaa kidogo, mtandao unasumbua leo" si sawa na kumzibia mlango na kupaza sauti "haijaingia hiyo!" wakati mgahawa mzima unageuka. Na kuna dawa ya wazi ambayo wenye biashara wengi wameshaitumia: simu ya malipo ikae kaunta, kwa anayehudumia. Mwenye mali akihofia kuibiwa na kijana wake, namba ya siri ya kutolea abaki nayo yeye. Kusoma meseji hakupunguzi salio.

Kuna siku mtandao unagoma kabisa. Mteja ameshakatwa, muuzaji hajaona kitu, na pesa iko mahali ambapo hakuna kati yao anayeweza kupafikia. Hapa tabia hujulikana. Wapo waajiri ambao pesa isipoonekana jioni humkata mhudumu kwenye ujira wake, naye hakuvunja kitu, hakuiba, amekosea tu kuwa zamu siku mtandao ulipolala. Wapo wateja wanaotumia mwanya huo kusema wamelipa. Na wapo wanaosema: "Nenda kaka, ikiingia tutakuwa tumemalizana, isipoingia utapita kesho." Neno hilo la mwisho ni urithi wa duka la Mangi, yule muuza duka wa mtaani, ambako daftari lenye majina lilikaa chini ya kaunta, na kukopa kulihitaji sura kuliko kulivyohitaji karatasi.

Simu nayo inakopesha. Kenya, tangu 2019, Fuliza humkamilishia mtu malipo salio linapopungua. Tanzania kuna huduma za namna hiyo pia. Ni msaada, hasa jioni mtu anapobakiza mia chache kufikia bei ya unga. Lakini mkopo huo hukudai bila kukutazama. Pesa yoyote ikiingia, hujikata wenyewe, hata kama iliyoingia ni ya dawa ya mtoto. Mangi alikuwa na ubaya wake. Alijua kukukumbusha deni mbele ya wakwe zako. Ila ungeweza kumwambia, "Nivumilie mpaka mwisho wa mwezi, nina mgonjwa," naye akakupimia unga. Sisemi turudi kwenye daftari. Nasema anayekopa kwa simu ajue amemkopa asiyesikia udhuru, na apime kwa kadiri hiyo.

Mzigo wa tatu ni amana, na huu aghalabu hautajwi. Kila malipo huacha kitu nyuma. Jina lako linatokea kwa muuzaji, la kwake linatokea kwako. Ndivyo unavyogundua kwamba mama lishe uliyemzoea kwa jina la mwanawe wa kwanza ana majina yake matatu kamili. Jina hutokea ili mtu asikosee, na limewaokoa wengi. Lakini ukituma kwa namba ya kawaida, namba yako nayo inabaki. Dada amenunua chipsi mayai, ameondoka, usiku anapokea ujumbe: "Mambo, mimi yule wa pale kibandani." Aliyeandika anaona amejaribu bahati yake. Kwa kweli amevunja amana. Namba ile alikabidhiwa kwa ajili ya chipsi, na kazi ya chipsi imekwisha.

Ndivyo ilivyo hata kwa pesa iliyoingia kwa kukosea. Mtu amekosea tarakimu moja, elfu thelathini zimefika kwako, simu inaanza kuita. Tumechoshwa na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo tahadhari ni halali: muelekeze mwenye pesa kwa kampuni yake ya simu irudishwe kwa utaratibu, usitume wewe kwenye namba usiyoijua. Lakini kuzima simu na kukimbilia kwa wakala kutoa si tahadhari. Na yule bibi anayemkabidhi wakala simu pamoja na namba ya siri, "nibonyezee mjukuu wangu, macho hayaoni", ameweka mikononi mwa kijana yule akiba yake yote. Mawakala wengi hubonyeza, wakatoa kinachotakiwa, wakamrudishia simu yake. Uaminifu huo haumo kwenye viwango vya makato vilivyobandikwa ukutani, na bila huo huduma nzima isingewafikia wazee wetu.

Limebaki la chenji. Nani atalia kwa kukosa usumbufu wake? Muuzaji asiye na sarafu alikupa pipi ambazo hukuziomba, ukazila ukiwa na hasira. Kwa simu unalipa elfu tatu na mia nne kamili, hakuna anayemdai mwenzake. Lakini masalio yale yalikuwa na watu wake. Chenji iliyorudishwa kwenye kisahani mezani ilikuwa na fungu la mhudumu. Sarafu za mfukoni zilikuwa za kijana aliyebeba kiroba, za mlinzi wa magari, za mwombaji wa Ijumaa nje ya msikiti. Leo bili inalipwa mpaka shilingi ya mwisho, na hata mteja mkarimu anayeongeza buku juu ya bili kwa lipa namba, buku ile inakwenda kwa bosi. Mhudumu anabaki na "asante sana". Makanisa na misikiti imejiwekea namba za sadaka, michango ya harusi ina namba zake. Wenye taasisi hawakuachwa. Walioachwa ni wale ambao riziki yao ilitegemea kilichobaki.

Kwa hiyo kuna mambo madogo ambayo mtu anaweza kuyashika. Uliza namna ya kulipa kabla ya kuagiza, maana kusema huna hela mkononi baada ya kushiba ni kumwekea mwenzio mtego. Unapomtumia muuzaji mdogo kwa namba yake ya kawaida, weka na ya kutolea kabla hajaomba. Ni pesa ambayo wewe ungekatwa kwa wakala. Subiri meseji ya upande wa pili bila kununa. Noti ndogo moja au mbili ziwe mfukoni kwa ajili ya wasio na lipa namba. Namba ya mteja ifutike akilini anapotoka dukani.

Na zaidi ya yote, tuyaseme mapema. Wanunuzi wetu ni hodari wa kubembeleza bei. Watashindana na muuzaji kwa mia mbili kwa maneno matamu mpaka wote wacheke. Kisha wakishakubaliana, wanaanza kugombana juu ya makato ambayo hakuna aliyeyataja. Bei ya siku hizi haijakamilika mpaka ijulikane nani anaigharamia njia. Hilo nalo lina nafasi yake katika kupatana, pale pale mwanzoni, pamoja na "punguza kidogo mama", kabla nyanya hazijaingia kwenye mfuko.